Leso ya Mavyaa

Kitambaa cha tatu ndicho kilichoniambia. Leso kuukuu, iliyofuliwa miaka kumi na kuanikwa kwenye jua la Bura, haitoi sauti chini ya mkasi. Inaachana taratibu kama ugali wa moto unapokatwa kwa mwiko. Usiku ule nilikuwa nimepanga leso nne mezani, moja juu ya nyingine, nizikate kwa pamoja ziwe bitana ya mifuko. Ndani ya ule ulaini nikasikia sauti nyingine, kavu, ya kitambaa ambacho hakijafuliwa mara nyingi. Niliisikia vizuri. Mkono wangu ukasita kwa muda wa pumzi moja. Kisha nje mtu akapiga ukelele, sufuria zikaanza kugongwa upande wa bondeni, na mimi nikamalizia kukata.

Nianze na cherehani, maana bila hiyo yasingetokea haya. Ni ya mama yangu mzazi, ya kukanyaga kwa mguu, kichwa cheusi chenye jina la Butterfly lililofifia mahali ambapo kiganja chake kilizoea kutulia. Ninaiweka sebuleni chini ya dirisha linalotazama magharibi, kwa sababu saa kumi jioni jua huingia hapo na kumulika tundu la sindano. Nyumba yetu iko chini ya milima, upande wa stesheni ya Bura, karibu na ile reli ya kwenda Taveta ambayo Waingereza waliijenga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili wawafikie Wajerumani. Ndovu nao wana njia zao humu humu, tangu kabla ya reli, na wanazikumbuka.

Kwa miaka mingi cherehani hiyo ilikuwa meza ya kuwekea redio. Iligeuka kuwa cherehani tena tarehe 28 Agosti 2017, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutekelezwa nchini Kenya. Nilikwenda dukani kununua sukari, unga na sabuni, nikarudi navyo nimevikumbatia kifuani kama mtoto. Jioni hiyo hiyo nikateremsha redio, nikapangusa vumbi, nikatia mafuta kila kitundu nilichokiona, nikachukua gunia la mchele na miguu miwili ya suruali ya jinzi ya mtumba, nikashona mfuko.

Mfuko huo ulinifundisha mengi, na mengi niliyafundishwa mbele ya watu. Nilikwenda nao soko la Mwatate, nikatia maparachichi, viazi na nyanya, na kabla sijafika penye matatu mkono mmoja ukang'oka. Maparachichi yakabingirika chini ya gari. Nilikuwa nimeushonea mkono ule kwa mstari mmoja tu, ukingoni, na uzito wote ulikuwa umening'inia kwenye nyuzi chache. Jirani yangu, ambaye alifanya kazi miaka kadhaa katika kiwanda cha nguo cha Wildlife Works kule Rukinga, karibu na Maungu, aliutazama mfuko ule akanionyesha jambo moja. Mkono wa mfuko hushonwa kwa mraba, kisha ndani ya mraba unapita kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, mpaka ipatikane alama ya kuzidisha. Uzito unagawanyika, hakuna mshono unaobeba peke yake. Mfuko wa pili ninao hadi leo. Umebeba mahindi, umebeba mbuzi mchanga aliyezaliwa njiani, na ulibeba nguo zangu nilipolazwa kujifungua kitindamimba.

Ni jirani huyo pia aliyenieleza kwa nini uzi ulikuwa unajisokota chini ya kitambaa na kufanya kiota cha ndege. Miaka yote nilidhani tatizo liko kwenye uzi wa chini, kwa kuwa fujo inaonekana chini. Kumbe ni uzi wa juu. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazokabana katikati ya kitambaa: sindano inashusha kitanzi, ndoana inakinyakua na kukizungusha nje ya bobini, kisha mkono wa juu unakivuta mpaka kinakaza. Ukitunga uzi mguu wa cherehani ukiwa umeteremshwa, zile sahani mbili za kukazia zimefumba, na uzi unakaa nje yake bila kukabwa na kitu. Kitanzi kinashuka na hakuna wa kukivuta. Siku nilipoelewa hilo nilifurahi sana. Tangu hapo nainua mguu kwanza, natunga uzi, nateremsha.

Watu huniuliza kwa nini siuzi. Nimeuza mara chache, na mwaka 2020 nilishona barakoa nyingi kuliko ninazoweza kuhesabu, kwa vipande vya vitenge, nikawagawia majirani. Lakini kushona kwangu ni saa moja ya jioni ambayo hakuna anayeidai. Nimetoka shambani, watoto wamerudi shule, chai iko mekoni, na kuna kitu kinachokua mbele ya macho yangu kwa kasi ya mguu wangu mwenyewe. Napenda namna kipande cha bapa kinavyogeuka kuwa na tumbo. Unakata mraba wa inchi tatu katika kila pembe ya chini, unakutanisha kingo za pale ulipokata, unashona, na mfuko unapata kitako, unasimama wenyewe mezani. Nimefanya hivyo mara nyingi mno na bado kila mara nausimamisha nikautazama.

Basi mwishoni mwa 2023 wifi yangu wa mwisho akatangaza harusi. Misa itakuwa kanisani Bura Mission, parokia iliyoanzishwa na wamisionari wa Roho Mtakatifu mwaka 1892, wale walioleta pia miche ya kahawa mwaka uliofuata, miongoni mwa kahawa ya kwanza kupandwa katika ardhi ya Kenya. Siku ikawekwa Jumamosi ya tarehe 10 Februari 2024. Haikuwezekana kusogezwa, kwa sababu Jumatano inayofuata ilikuwa ya Majivu, na ndani ya Kwaresima hakuna shamrashamra za ndoa. Nikajitolea mbele ya ukoo mzima, katika kikao, kwamba nitashona gauni za wasichana wanne watakaomsindikiza bibi harusi, na mifuko kumi na miwili kwa ajili ya shangazi na akina mama wa upande wa pili watakaopokea zawadi. Mume wangu alinitazama. Hakusema kitu, lakini usiku aliniuliza, "Kumi na miwili, mama watoto?" Nikamwambia kumi na miwili.

Kitenge tulinunua Mombasa, mtaa wa Biashara, zambarau yenye maua ya manjano. Nilikifua chote kabla ya kukigusa kwa chaki, kwa sababu pamba hunywea kwenye maji ya kwanza, na gauni lililokatwa kabla ya kufuliwa humbana mtoto baada ya harusi. Gauni zilikwenda vizuri. Nitazipita. Kilichobaki ni kwamba binti yangu mkubwa alipimwa Desemba, akarefuka kabla ya Februari, nami nilikuwa nimebakiza pindo la inchi mbili kwa kumjua.

Mifuko ndiyo ilihitaji bitana, na bitana nzuri ni leso iliyochakaa: laini, nyepesi, haitelezi chini ya sindano. Mavyaa alisikia. Akakusanya leso zake kuukuu, za nduguze na za majirani, akanitumia ndani ya kikapu cha mkonge. Juu kabisa, ndani ya gazeti, akaweka leso moja peke yake. Mjumbe alikuwa mume wangu, na ujumbe aliufikisha kama ulivyo: "Mama anasema hizi za chini kata. Ya gazeti usikate, ukingo wake umefumuka, umpindie."

Niliijua leso ile, ingawa sikuwahi kuishika. Mume wangu alizaliwa 1979. Baba yake alikuwa akikata mkonge kwenye shamba kubwa la Mwatate, na alipopokea mshahara wa mwezi ule alipanda gari moshi Voi, akaenda Mombasa, akarudi na doti moja ya leso. Ilikuwa nyeusi na nyekundu ya damu ya mzee, mji wake una vikorosho vyeupe, pembeni ina chapa ndogo ya K.H.E. Mali ya Abdulla, na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa: NANI KAMA MAMA. Kipande kimoja cha doti kilikuwa mbeleko. Kilibeba watoto sita, mmoja baada ya mwingine, mpaka kikawa uzi mtupu. Cha pili mavyaa alikiweka sandukuni. Alikivaa kwenye ubatizo wa mume wangu na kwenye mazishi ya mzee. Alikuwa amesema, miaka mingi kabla, kwamba atakivaa tena siku ya kumwoza wa mwisho.

Niliitoa gazetini, nikaitazama, nikaitundika kwenye mgongo wa kiti ili niipinde kesho yake mchana, kwa nuru nzuri. Kosa langu la kwanza ni hapo. Nguo ya namna ile haitundikwi kitini katika nyumba yenye watoto watatu na mifuko kumi na miwili.

Mwaka ule mvua za El Niño zilikuwa zimetupa mahindi tuliyoyasahau kuyaona. Januari yalikuwa yamesimama juu ya kichwa changu, yamekauka nusu, na harufu yake iliwafikia ndovu hadi kwenye hifadhi kule chini. Kila usiku wanaume walikuwa wakilala nje na tochi, filimbi na sufuria kuukuu. Usiku huo stima ilikatika saa mbili. Mume wangu alikuwa bondeni na wenzake. Tukasikia tawi likivunjika, si kijiti, tawi, kisha kimya kile ambacho ndovu anakifanya anapojua kwamba amesikika. Watoto wakanisogelea wote watatu. Nilijua nikikaa tu na kusikiliza, hofu yangu itaingia kwao. Nikawasha taa ya sola, nikasema, "Njooni tukate bitana." Nikamwambia binti mkubwa ashike tochi, wa kati anipe chaki, na yule mdogo aokote vipande chini ya meza, kazi anayoipenda, kwa kuwa huwavisha wanasesere wake wa magunzi ya mahindi.

Kisha nikasema, "Leta leso zilizo pale kitini," maana na zile za kukata nilikuwa nimezitundika hapo hapo. Mtoto akaleta zote. Nikazipanga bila kuzitazama, nikilisikiliza bonde. Taa ya sola haina nyekundu. Chini yake nyeusi, buluu na nyekundu iliyoiva ni kitu kimoja. Sehemu kubwa ya ile ya tatu ilining'inia pembeni mwa meza, gizani.

Nilikata mstatili wa inchi kumi na nane kwa kumi na sita. Nilikata na ile miraba miwili ya pembeni. Mkasi ulikuwa mkali, niliunoa mwenyewe Jumatatu yake.

Ndovu walipita. Walikula mistari sita upande wa mto na kukanyaga mingine, wakaondoka kabla ya adhana ya Mwatate, ambayo upepo ukiwa upande wetu tunaisikia. Mume wangu akarudi na matope mpaka magotini akalala kwenye kochi na viatu. Kulipopambazuka nikazichambua zile tabaka nne nizipange kwenye kapu, na ya tatu ikaniangalia. NANI KA. Halafu dirisha. Kupitia hilo dirisha nikaona ubao wa meza yangu.

Nilikaa chini, sakafuni. Sikulia. Nilikuwa nikihesabu vitu: nilikuwa na mstatili wake, nilikuwa na mraba mmoja. Mraba wa pili, uliobeba herufi mbili za mwisho, haukuwepo. Tuliinua kochi, tuliinua mkeka, tulikung'uta kila gauni. Niliwauliza watoto mmoja mmoja. Wote walikataa.

Siku tatu zilizofuata ndizo ninazozijutia kuliko ule usiku. Usiku nilikuwa na ndovu. Mchana nilikuwa na akili zangu zote, na niliamua kuficha. Niliurudisha mstatili mahali pake, nikabana kwa pini, nikapitisha cherehani ukingo hadi ukingo. Cherehani yangu haijui mshono wa kwenda upande na upande, inajua ulionyooka tu, kwa hiyo ilibidi kingo zipandane kidogo, na zilipopandana mji wote ukajikunja kama uso wa mtu anayeonja ukwaju. Nilifumua kwa wembe. Wembe ukateleza, ukafungua mpasuko mwingine wa kidole kimoja. Sindano iliyokuwemo ilikuwa namba 16, ya kushonea mifuko, na kila ilipopita iliacha tundu linaloonekana ukiinua kitambaa kwenye mwanga. Leso nyembamba inataka 11, au 14 ikizidi sana. Hilo nalijua. Mikono ya mtu anayeficha haisubiri kubadilisha sindano. Jaribio la tatu mkanda wa ngozi ukakatika, gurudumu likazunguka bure, na mimi nikaweka kichwa changu juu ya cherehani ya mama yangu nikabaki hivyo mpaka chai ikamwagika mekoni.

Siku ya tatu niliipeleka kwa fundi mmoja Mwatate. Aliishika kwa vidole viwili, akaisoma, akaniuliza ya nani. Nikamwambia. Akaikunja vizuri, vizuri kuliko nilivyoileta, akanirudishia. "Hii mama, mimi siigusi kabla mwenyewe hajaiona," akasema. "Nenda nayo."

Nilikwenda nayo moja kwa moja. Mavyaa alikuwa uani anachambua maharage ya kimanga, mwiko umelala mapajani. Nilipiga magoti, si kwa desturi tu. Magoti yalikwisha nguvu. Nikasema, "Mama, nimeikata. Niliikata usiku wa ndovu, na siku tatu nimekuwa nikikuficha." Nikaikunjua mbele yake.

Aliitazama muda mrefu. Akapitisha kidole pale palipokuwa na jina, akafika kwenye shimo, kidole kikasimama. Hakuniambia usijali. Hakuniambia ni kitambaa tu. Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango, na maharage yakabaki uani mpaka nikayamalizia mimi. Siku mbili hakuzungumza nami. Salamu alinipokea, kwa kuwa ni mtu wa heshima, lakini ilipita kando ya bega langu. Mume wangu alitaka kwenda kuniombea msamaha nikamkataza. Huzuni ile ilikuwa haki yake mavyaa, na mimi sikuwa na haki ya kuiharakisha ili nipate usingizi.

Jioni ya tatu alikuja kwetu kwa miguu, peke yake. Akaketi penye dirisha, akaondoa kitambaa changu cha kazi juu ya meza akaweka chake, cheupe. Ndani ya kibati cha dawa ya kikohozi alikuwa na sindano mbili za mkono, nyembamba kama unywele. Akasema neno moja: "Leta."

Kwanza aliniagiza nifumue kila mshono nilioshona, bila wembe, kwa ncha ya sindano, uzi mmoja mmoja. Ilichukua jioni nzima. Kisha akauchukua ule ukingo uliofumuka, ule ambao alinituma niupinde, akaanza kuvuta nyuzi kutoka kwake. Sikuelewa. Alivuta uzi mrefu kuliko mkono wangu, akaunyoosha kwenye mwanga: ulikuwa mweusi, halafu mwekundu, halafu mweusi tena, kila mahali ulipopita kwenye maua ya pindo. "Uzi wa dukani ni mgeni," akasema. "Huu umefuliwa nao." Kasoro moja ya uzi wa namna hiyo ni kwamba ni dhaifu, haukusokotwa kwa kushonea, unakatika ukiupitisha mara tatu. Hapo ndipo aliponituma kwa shemeji, aliyeoa Sagalla.

Sagalla, ng'ambo ya Voi, wapo wakulima ambao huzungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye nyaya. Ndovu akigusa waya mizinga yote inatikisika, nyuki wanatoka, na ndovu, pamoja na ukubwa wake, huwaogopa nyuki. Mtafiti Lucy King ameyafanyia kazi hayo huko kwa miaka mingi, na asali ya mizinga hiyo inauzwa. Shemeji akatuletea bonge la nta lenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, lingali linanukia. Tukawa tunaupitisha kila uzi juu ya nta mara mbili, unapata mwili, unang'aa kidogo, haukatiki. Nilifikiria mara nyingi jioni hizo kwamba ndovu walinitoa akili ya kukata, na nta ya mizinga ya kuwazuia ndovu ikawa mkononi mwangu nikiunga.

Tulishona jioni tisa. Aliweka nyuma ya shimo kipande cha shashi, akaulaza mstatili mahali pake bila kingo kupandana, ukingo ukigusana na ukingo, akashikiza kwa mshono mrefu wa muda. Kisha ule wa kweli: sindano inaingia upande huu nyuzi tatu tu kutoka ukingoni, inatokea upande ule nyuzi tatu, inavutwa mpaka kingo zibusiane, si zaidi. Ukivuta zaidi linatokea tuta. Ukilegeza linatokea dirisha. Yeye upande wake, mimi wangu, magoti yakigusana chini ya meza. Macho yake hayaoni vizuri karibu, kwa hiyo nilimtungia sindano. Mara ya kwanza aliponipa sindano na uzi bila kusema kitu, akisubiri nimtungie, nilijua kwamba tumeanza tena kuzungumza.

Alinieleza juu ya kile kipande kingine, mbeleko. Nilidhani kilichakaa tu. Akaniambia, bila kuacha kushona, kwamba mtoto wa nne alipougua surua alikuwa haachi kulia mpaka ashike ncha ya ile mbeleko, na alipofariki walimzika nayo ncha hiyo. Akaikata yeye mwenyewe, kwa kisu cha jikoni, kwa kuwa mkasi haukuwepo. Mume wangu hakuwahi kunisimulia. Sidhani anajua. Nimeandika hapa kwa ruhusa yake mavyaa.

Ule mraba uliopotea haukupatikana. Mahali pake tukaweka kipande cha kitenge cha gauni, zambarau na ua moja la manjano. Kwa hiyo leso ikasomeka NANI KAMA MA, halafu ua. Mshono wenyewe ukiutafuta kwa macho hauuoni. Ukipitisha kiganja unausikia, kama njia ya siafu chini ya majani makavu.

Mifuko iliyokuwa tayari Ijumaa usiku ni tisa. Mitatu haikushonwa, na akina mama watatu wa upande wa pili walipokea zawadi zao ndani ya vikapu vya mkonge ambavyo mavyaa alivitoa nyumbani kwake bila kuniuliza.

Asubuhi ya Jumamosi alinivuta chumbani nimfunge leso juu ya gauni lake. Nilidhani ataiacha ionekane, nikaanza kuifunga hivyo. Akanishika mkono. "Geuza. Leo ni siku ya mwanangu, si ya kiraka." Akanionyesha: upande uliounganwa unatangulia chini, wa pili unapita juu, na jina linaishia kwenye mkunjo. Kwa nje ilisomeka NANI KAMA, na mbele yake kulikuwa na yeye mwenyewe, amesimama.

Misa ilikuwa ndefu na nzuri. Kwaya iliimba mpaka mabati yakajibu. Wasichana wanne waliingia na zambarau yao, na pindo la binti mkubwa, lile nililolishusha mara mbili, liligusa kifundo cha mguu palepale nilipotaka. Nililitazama pindo hilo kuliko nilivyomtazama padre.

Baada ya chakula, watu walipokuwa wakicheza, kitindamimba alipanda mapajani kwa nyanya yake na gunzi lake la mahindi. Lilikuwa na nywele za hariri ya hindi, na chini ya kwapa, limefungwa kwa uzi wa zambarau, lilikuwa limevaa leso. Leso nyeusi na nyekundu, ya inchi tatu. Alikuwa amelificha wiki tatu ndani ya kiatu cha baba yake cha mpira, kwa kuhofia kwamba tutalivua. Niliinuka kitini. Mavyaa akanyoosha kiganja kunizuia, bila kunitazama.

Alilichukua gunzi, akaligeuza, akasoma mgongoni mwake: MA. Akafungua mkunjo wa leso yake mwenyewe, akaliweka gunzi juu ya kile kipande cha kitenge, pembe kwa pembe. Ilienea sawasawa. Alikaa hivyo kidogo, ngoma ikilia. Kisha akakaza ule uzi wa zambarau uliokuwa umelegea kwapani mwa mwanasesere, akafunga fundo jipya, dogo, la watu wanaojua, akamrudishia mtoto.